Kufundisha Safari ya Povu Ndani ya Mwamba

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mafuta ya petroli hukaa chini ya ardhi kama maji katika tangi. Mwalimu asipoiondoa picha hiyo mwanzoni, yote atakayoyaeleza baadaye yatakaririwa tu bila kueleweka. Yafaa basi somo lianze na kipande cha tofali la kuchoma. Mwanafunzi alidondoshee maji, naye atayaona yakizama. Mafuta nayo hukaa vivyo hivyo, katika vitundu vidogo vya mwamba.

Kisha mwalimu aeleze tatizo. Kanieneo ya asili ipunguapo, aghalabu zaidi ya nusu ya mafuta husalia mwambani. Wataalamu huingiza maji au gesi, kama vile kabonidioksidi, katika kisima kimoja ili kuyasukuma mafuta kuelekea kisima kingine. Lakini gesi ni nyepesi, tena si nzito kama uji. Hupanda juu na kufuata tabaka lenye vitundu vikubwa, ikayaacha mafuta yaliyo katika vitundu vyembamba.

Hapo ndipo povu lifaapo. Gesi huingizwa pamoja na maji yenye kemikali itendayo kazi kama sabuni, ikagawanyika kuwa viputo vinavyotengwa na tando za maji. Tando hizo hukwama kwenye milango ya vitundu. Nyingine hupasuka na mpya hutokea. Katika vitundu vyembamba sana maji ya tando hufyonzwa, nazo hupasuka upesi. Katika vitundu vikubwa hudumu. Kwa hiyo povu huziba njia rahisi na kuilazimisha gesi kupita kwingine, kwenye mafuta yaliyosalia. Njia hii ilijaribiwa katika eneo la Snorre, Norway, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Jaribio la darasani
Simamisha mrija katika kila moja ya chupa mbili za kioo, kisha jaza kokoto. Tia maji matupu katika chupa ya kwanza, na maji ya sabuni katika ya pili. Wanafunzi wapulize taratibu, wala wasivute. Katika ya kwanza hewa hupanda upesi na kutoweka. Katika ya pili povu hujaza nafasi kati ya kokoto.

Mwisho, mwalimu aulize: “Kwa nini kuziba njia pana kunasaidia kupata mafuta zaidi?” Mwanafunzi ajibuye kwa maneno yake mwenyewe ameelewa, arudiaye maneno ya mwalimu arudishwe kwenye chupa.