Uongozi wa wanazuoni wa haki za binadamu: Cheo kidogo, dhamana kubwa

Zinapotajwa haki za binadamu, wengi wetu hukumbuka mahakama, Umoja wa Mataifa na wanaharakati walioshika mabango barabarani. Ni nadra kumkumbuka mwanazuoni aliyeinamia meza yake chuoni. Hata hivyo, hoja nyingi zinazotumiwa na mawakili na wanaharakati hao hupikwa kwanza katika vyama vya kitaaluma, na ndani ya vyama hivyo kuna viongozi ambao majina yao hayatajwi sana magazetini.

Mfano mmoja ni Chama cha Wanasosholojia cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1905. Chama hicho ni kikubwa, hivyo wanachama wake hujigawa katika vitengo kulingana na mambo wanayoyatafiti: wapo wa familia, wa dini, wa kazi, wa uhalifu. Kimojawapo ni Kitengo cha Haki za Binadamu.

Uongozi wa kitengo cha namna hii hupokezwa kama kijiti. Anayechaguliwa kwa kura za wanachama hukaa mwaka wa kwanza akiwa mwenyekiti mteule, akijifunza kazi kando ya aliyepo madarakani. Mwaka wa pili hushika kiti chenyewe. Mwaka wa tatu huwa mwenyekiti aliyepita, mshauri wa yule aliyemkabidhi. Pamoja nao wapo katibu ambaye pia ni mtunza hazina, na wajumbe wa halmashauri. Kazi hizo hufanywa kwa kujitolea, na wanaozishika huendelea kufundisha na kusahihisha mitihani kama wenzao.

Je, mwaka mmoja wa uenyekiti una uzito gani? Uzito wake haumo katika kutoa amri bali katika kuchagua. Viongozi ndio wanaopanga mijadala ya kitengo katika mkutano mkuu wa mwaka, na ndio wanaounda kamati za kutoa tuzo. Wakiweka mbele uhuru wa kusema peke yake, mtafiti wa maji, ardhi au njaa hukosa jukwaa. Wakiwaita wasomi wa mataifa tajiri peke yao, dunia nzima huelezwa kwa mdomo mmoja.

Umuhimu wa tafiti hizo si wa kubahatisha. Mwaka 2005, Emilie Hafner-Burton na Kiyoteru Tsutsui walichapisha uchambuzi katika jarida la American Journal of Sociology, wakionyesha kwamba serikali nyingi zilizoridhia mikataba ya haki za binadamu hazikubadili mwenendo wao, na nyingine hata zilizidisha ukandamizaji. Lakini waligundua pia kwamba pale ambapo wananchi walikuwa na mafungamano na asasi za kiraia za kimataifa, hali ilielekea kuwa nafuu. Kwa maneno mengine, saini pekee haimlindi raia. Humlinda watu walio tayari kuidai saini hiyo.

Pamoja na hayo, uongozi wa kitengo una mipaka. Mwenyekiti hawezi kusimama na kutoa msimamo kwa jina la chama kizima. Wapo wanaoiona mipaka hiyo kuwa woga wa wasomi. Historia ya chama jirani, kile cha Wanaanthropolojia wa Marekani, inaonyesha kwa nini jambo hili halina jibu jepesi.

Mwaka 1947, wakati Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu likiandaliwa, bodi ya utendaji ya chama hicho ilipeleka waraka kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Waraka huo, uliotayarishwa na Melville Herskovits, uliuliza vipi azimio moja litawafaa wanadamu wote iwapo limeandikwa kwa fikra za mataifa ya Magharibi tu. Swali lilikuwa la haki. Azimio lilipopitishwa mjini Paris, tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 bila ya kupingwa huku nchi nane zikijizuia, sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya wakoloni. Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda hazikuwa na kiti chao.

Hata hivyo, waraka huo ulizua mgogoro. Mwaka 1948 Julian Steward na Homer Barnett waliukosoa. Hoja hiyohiyo ya kuheshimu mila ingeweza kugeuzwa ngao ya watawala wakatili. Chama kilichukua miongo kadhaa kujisahihisha: kiliunda Kamati ya Haki za Binadamu mwaka 1995, na mwaka 1999 wanachama wenyewe wakapitisha tamko jipya la kuunga mkono haki za watu wote pamoja na haki ya kila jamii kuwa na utamaduni wake. Safari hii hawakusemewa na bodi pekee.

Kwa upande wa wanasosholojia, dira ya kitengo chao huonekana katika jina la tuzo yake ya kitabu: Gordon Hirabayashi. Mwaka 1942, akiwa mwanafunzi mjini Seattle, Mmarekani huyu mwenye asili ya Kijapani alikataa kutii amri ya kutotoka nje usiku na amri ya kuhamishwa, zilizowalenga watu wa asili yake. Alifungwa. Mwaka 1943 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliunga mkono serikali kwa kauli moja. Baadaye alipata shahada ya uzamivu katika sosholojia na kufundisha Beirut, Cairo na Kanada.

Miongo kadhaa baada ya hukumu, watafiti waliopekua nyaraka za zamani walibaini kwamba serikali ilificha ushahidi muhimu. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ilimfutia hatia zote. Alifariki mwaka 2012, na mwaka huohuo akatunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru. Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake mpe. Hirabayashi alipewa yake akiwa mzee, na aliyemfungulia mlango alikuwa mtafiti mwenye subira.

Nasi tuna urithi wetu. Mwezi Aprili 1990, Tanzania ikiwa bado nchi ya chama kimoja, jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu zilitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanazuoni kwa jamii. Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala kwa bara zima. Maazimio hayo mawili yaliunganisha mambo ambayo viongozi wa vyama vya wasomi hushawishika kuyatenganisha: haki ya kutafiti bila hofu, na deni la msomi kwa mwananchi anayemlipia kodi.

Basi jumuiya ya wanataaluma inapopiga kura kuchagua mwenyekiti, mwananchi wa kawaida asidhani kwamba hayamhusu. Anayechaguliwa ataamua ni maswali gani yaulizwe na ni nyaraka zipi zifunuliwe, na huenda mojawapo ya nyaraka hizo ikawa na jina lake.