Fahamu: Kuhama Android kwenda iPhone, na kwa nini usubiri Septemba

Apple hutoa iPhone mpya karibu kila Septemba, na toleo la mwaka uliotangulia, likibaki dukani, hushushwa bei. Anayenunua Agosti anawahi hasara.

Kinachowaliza wengi ni WhatsApp. Nakala ya meseji iliyohifadhiwa Google Drive haifunguki kwenye iPhone. Tangu 2022 meseji huhamishwa kwa programu ya Move to iOS: simu mbili mezani, zote zimechomekwa chaji, iPhone ikiwa ndiyo kwanza inawashwa. Ukishaizoea wiki nzima ndipo ukakumbuka meseji, itabidi uifute yote uanze upya. M-Pesa haina neno, inafuata laini. Programu nyingi ulizolipia Play Store ndizo utakazozinunua tena, na hapo panauma.