Gia moja mbele: hesabu meno kwanza

Msikilizaji, baiskeli nyingi za milimani zina gia tatu mbele, kwa mfano za meno 22, 32 na 42. Wengine hubakiza ya 32 tu, baiskeli iwe nyepesi na matengenezo yapungue.

Shida ni mlimani. Kwa meno 22 mbele na 32 nyuma, ukizungusha pedali mara moja, tairi huzunguka chini ya robo tatu. Kwa 32 mbele, huzunguka mzunguko mzima: pedali inakuwa nzito.

Ukibeba mahindi au maji, muulize fundi kwanza kama nyuma panaweza kufungwa gia kubwa, kama ya meno 42. Mbele chagua yenye meno mapana na membamba yanayopishana. Hushika cheni isichomoke kwenye mashimo.