Afande asiyetaka kuwa jenerali: Njia ndefu ya fundi wa mawasiliano katika jeshi la Marekani

KILA Desemba 12, gwaride la Jamhuri likionyeshwa kwenye runinga, macho ya wengi huwafuata majenerali wenye nishani kifua kizima. Wachache humwangalia sajini-meja wa kikosi, yule mwenye sauti ya kutetemesha uwanja na fimbo kwapani. Huyo ni afisa mteule daraja la kwanza. Kambini wanasema tu WO One.

Hapa Kenya, tuliorithi mfumo wa Waingereza, WO ni kilele cha askari aliyeanzia chini kabisa. Unaingia Eldoret ukiwa kuruti, unapanda koplo, sajini, sajini mwandamizi, halafu WO daraja la pili na hatimaye la kwanza. Luteni aliyetoka Lanet juzi ni mkubwa wake kwa sheria, lakini luteni mwenye akili humsikiliza mzee.

Sasa vuka hadi Marekani. Jina la cheo ni lilelile, kazi ni nyingine kabisa. Kule WO hayuko mwisho wa ngazi ya askari. Ni kundi la maafisa lenye ngazi yake lenyewe, hatua tano kuanzia WO1 hadi CW5, na liko juu ya masajini wote lakini chini ya luteni. Hawafiki asilimia tatu ya jeshi lote la nchi kavu. Afisa wa kawaida huhamishwahamishwa: leo anaongoza platuni, mwaka ujao yuko ofisini, baadaye anarudi darasani akitayarishwa kuwa meja. WO yeye anabaki na mashine zake. Analipwa kwa kujua kitu kimoja vizuri kuliko mtu mwingine yeyote pale kambini. Wengine ni marubani wa helikopta, wengine mafundi wa silaha, na kwa kizazi chetu cha saiba na wifi, kuna hawa wa mawasiliano.

Kwa nini gazeti la Nairobi lijishughulishe na cheo cha huko Georgia na Alabama? Kwa sababu katika familia nyingi za Kenya hukosi binamu aliyeshinda grini kadi akaenda, na kati ya hao wapo walioishia kuvaa magwanda. Na kwa kijana wa IT aliye kule na anafikiria kujiunga, swali halisi huwa hili: je, nitashika kompyuta ama nitapewa sufuria za jikoni? Jibu ni kwamba yote mawili yawezekana, na mara nyingi kwa mpangilio huo wa pili kwanza.

Tuanze na kazi yenyewe. Kikosi cha mawasiliano cha Marekani kilianza 1860, mwanzilishi akiwa daktari, Albert Myer, ambaye tasnifu yake ya udaktari ilihusu lugha ya ishara kwa viziwi. Kutoka hapo akabuni namna ya kupeleka ujumbe kwa kupunga bendera moja kutoka kilima hadi kilima. Maafisa wateule nao walianza Julai 1918, wakiwa mafundi wa meli za kutega mabomu baharini kulinda bandari. Ukiunganisha hizo historia mbili unapata jamaa wa leo, ambaye badala ya bendera ana setilaiti, ruta na seva.

Fikiria brigedi yenye watu elfu kadhaa imehamia porini usiku. Antena imesimama, jenereta inanguruma, redio zinasikika. Lakini kwenye skrini ya kamanda ramani haionyeshi vikosi vyake viko wapi. Kamanda anamkodolea macho afisa wa mawasiliano, afisa anamgeukia sajini, sajini anamgeukia kijana wa kibodi, na kijana anainua mabega. Kisha mtu anasema: "Muiteni Chifu."

Huyo ndiye WO. Kwa desturi yao, WO1 huitwa Bwana ama Bibi fulani, na kuanzia hatua ya pili, CW2, anaitwa Chifu. (Usimwandikie kuomba barua ya kitambulisho, si chifu wa lokesheni.) Anakuja na kikombe cha kahawa, anaketi, anauliza maswali mawili. Huenda funguo za msimbo zilibadilishwa usiku upande mmoja tu. Huenda ruta mbili zimepewa anwani moja. Huenda saa ya mtambo mmoja imechelewa, na mitambo inayofunga ujumbe kwa msimbo haivumilii saa isiyolingana. Hayo yote ni mambo ambayo fundi wa mtandao wa Umoja ama Kisauni atayatambua mara moja. Tofauti ni kwamba hapa mteja hapigi simu kulalamika kuwa mechi imekwama. Hapa kuna watu gizani wanaosubiri kujua kama wenzao wako kulia ama kushoto kabla ya kufyatua.

Katika mawasiliano kuna mikondo mitatu mikuu ya kuingilia, ambayo imekuwa ikijulikana kwa namba. 255A ni wa data na seva. 255N ni wa mitandao yenyewe, yaani njia ambazo data inapita. 255S ni wa kulinda hiyo mitandao dhidi ya wavamizi. Ukizeeka vizuri kazini, juu kabisa kuna 255Z, anayesimamia yote. Si lazima ukariri. Jua tu kwamba hakuna anayekubali "najua kompyuta" kama jibu. Utaulizwa kompyuta gani, na umeifanyia nini.

Sasa tuje kwenye njia, na hapa ndipo wengi huachia. Marubani wanaweza kuchukuliwa moja kwa moja kutoka uraiani. Fundi wa mawasiliano haendi hivyo. Lazima kwanza awe askari, apande hadi sajini, na awe na miaka kadhaa ya kazi hiyohiyo inayoonekana kwenye rekodi zake. Lazima awe na alama 110 ama zaidi katika sehemu ya mtihani wa kuingia jeshini inayoitwa GT, ambayo hupima lugha na hesabu. Hizo 110 hazina msamaha. Na lazima awe raia wa Marekani. Hilo nalo halina msamaha.

Uraia ndio mlango wenye kufuli mbili. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kujiunga na jeshi, hiyo ni kweli. Lakini kazi nyingi za mawasiliano zinahitaji kibali cha kushika siri, na asiye raia hapewi kibali hicho. Kwa hiyo Mkenya aliye na diploma ya mitandao na vyeti vyake mkononi anaweza kufika kwa afisa wa usajili na kuonyeshwa orodha fupi: mpishi, dereva wa lori, makanika, karani wa stoo. Wapo wanaokasirika na kurudi zao nyumbani. Kusema ukweli nawaelewa. Umesoma miaka mitatu, halafu unaambiwa ukamenye viazi.

Anayekubali ana faida moja. Askari anaruhusiwa kuomba uraia kwa njia fupi kuliko raia wa kawaida, ambaye husubiri miaka mitano, na halipii ada ya maombi. Akishaapishwa, anaweza kuomba kubadilisha kazi ahamie mawasiliano. Ndipo saa yake ya uzoefu inapoanza kuhesabu. Piga hesabu mwenyewe: miaka ya lori, miaka ya kusubiri nafasi ya kuhama, miaka ya kupanda hadi sajini, miaka ya kuonekana unaijua kazi. Ukimaliza kwa chini ya muongo mmoja, umekimbia.

Na kuna fomu. Inaitwa SF-86, ina kurasa zaidi ya 100, na ndiyo inayochambuliwa kabla ya kibali kutolewa. Kwa Mmarekani aliyezaliwa mtaa mmoja na kuoa mtaa wa pili, ni usumbufu tu. Kwa Mkenya ni wikendi kadhaa za kupiga simu nyumbani. Utaandika ulikoishi kwa miaka 10 iliyopita. Utaandika wazazi, ndugu, wakwe, na uraia wa kila mmoja. Utaandika watu wa nje ya Marekani ulio karibu nao, safari zako za nje za miaka saba iliyopita, na mali uliyo nayo ng'ambo. Ile ploti ya Kitengela uliyonunua kwa pamoja na dada yako, ambayo hati yake bado "inashughulikiwa"? Inaingia kwenye fomu. Pesa unazomtumia mama kila mwezi? Usishangae ukiulizwa. Mjomba wako ni mtumishi wa serikali ya Kenya? Mtaje.

Si kwamba kuwa na familia Kenya ni kosa. Kuna vigezo 13 wanavyotumia kuamua, na uhusiano na nchi ya nje ni kimoja tu kati ya hivyo. Madeni ni kingine. Wanachotafuta ni kama kuna mtu anayeweza kukubana kupitia watu unaowapenda ama pesa unazodaiwa. Kinachomwangusha mtu mara nyingi ni kuficha. Deni ulilolitaja unaweza kulieleza. Ndugu uliyemsahau kwa makusudi hawezi kuelezeka, na kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Kuna pia jambo la huku nyumbani ambalo vijana hawaambiwi. Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akichukua uraia wa pili. Vizuri. Lakini Kifungu cha 78 kinasema afisa wa serikali ama mwanajeshi wa KDF hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo siku unayoinua mkono kule ili uje kuwa Chifu, unakuwa umefunga mlango wa Eldoret na Lanet, isipokuwa uje uukane huo uraia mpya. Wengi watasema, kwani nani alikuwa anarudi? Haya. Lakini ni bora ujue umefunga mlango kuliko uukute umefungwa.

Baada ya hayo yote bado faili ya maombi haijakamilika. Inahitaji matokeo ya mazoezi ya mwili, uchunguzi wa daktari, rekodi za kazi, na barua za mapendekezo. Barua moja ina uzito wa pekee: ile ya afisa mteule mkongwe wa taaluma hiyohiyo, wa kuanzia CW3. Kamanda wako anaweza kusema wewe ni mtiifu na unawahi kazini. Mkongwe anaulizwa kitu kingine, kama angekukabidhi mtandao wake usiku akaenda kulala. Hakuna njia ya kumhadaa huyo kwa wasifu mrembo. Faili zinapelekwa kwa jopo la uteuzi chini ya kamandi ya usajili iliyo Fort Knox, Kentucky. Asiyechaguliwa anaruhusiwa kurekebisha faili na kurudi.

Aliyechaguliwa huenda Fort Rucker, Alabama, kwa mafunzo ya wiki chache ya uafisa. Ni sajini wa miaka mingi, labda ana watoto, lakini anarudi kukimbizwa alfajiri na kukaguliwa kitanda kama kuruti. Kwa muda, kati ya 2023 na 2025, kambi hiyo iliitwa Fort Novosel, na kisa cha mwenye jina hilo kinafaa kusimuliwa. Michael Novosel alikuwa luteni kanali wa akiba wa jeshi la anga. Alipotaka kuruka tena wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la anga likaona ana maafisa wa vyeo vyake wa kutosha. Akaacha ukanali, akajiunga na jeshi la nchi kavu kama afisa mteule, akawa rubani wa helikopta za kubeba majeruhi. Oktoba 2, 1969, akiwa na miaka 47, aliokoa wanajeshi 29 siku moja, na akapewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Alishuka vyeo ili aifanye kazi anayoipenda. Jaribu kumweleza hilo mzee wa kijijini anayekuuliza kila Krismasi kama umepandishwa.

Kutoka Alabama, fundi wa mawasiliano anaenda Fort Gordon, Georgia, karibu na mji wa Augusta, iliko shule ya mawasiliano ya jeshi. Kambi hii nayo imebadilishwa jina mara mbili. Gordon wa sasa ni Gary Gordon, askari aliyeuawa Mogadishu Oktoba 1993, hapa tu jirani. Hapo ni darasa kwa miezi: seva, mitandao, ulinzi, mitihani.

Siku ya kuvishwa cheo kule Rucker, kama ni majira ya joto, saa nne asubuhi ya Alabama ni saa kumi na mbili jioni Kenya. Familia itakuwa imekusanyika kwenye simu moja, bundi ikiwa imenunuliwa mapema, picha ikiganda kila baada ya sekunde kumi. WO1 mpya ataulizwa kama sasa ni meja. Atasema hapana. Ataulizwa kama ni kapteni. Hapana pia. Baada ya miaka miwili, mambo yakienda sawa, atapanda CW2 na kuwaandikia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kwamba sasa anaitwa Chifu, na kuna shangazi atakayejibu akiuliza ni wa lokesheni gani.