TUUJUE UDONGO KABLA YA KUINGIA MTARONI



Katika mashamba na viwanda vyetu kazi ya kuchimba mtaro hupewa kibarua yeyote mwenye nguvu. Anakabidhiwa sururu na sepetu, anaonyeshwa kamba iliyonyoshwa, anaambiwa ngwe yake inaishia wapi. Hakuna amwulizaye kama anaujua udongo atakaosimama ndani yake.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Hayo ni kama magunia 17 ya mahindi, yale ya kilo 90. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kiko nje, aweza kufa vilevile, kwa maana kila akitoa pumzi udongo unazidi kumbana, na kifua hakipati tena nafasi ya kupanuka.

Sasa, udongo si mmoja. Ndugu zetu wa mashamba ya chai na kahawa huko Limuru na Kiambu wamezoea udongo mwekundu. Huo hushikana vizuri, na ukuta wake waweza kusimama wima siku nyingi. Mchukue mchimbaji huyo umpeleke Athi River, kwenye udongo mweusi unaonasa magari wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi ataukuta mgumu kama tofali, naye atauamini. Lakini atazame nyufa zake! Kila ufa ni mahali ambapo ukuta umekwisha kukatika, bado kuanguka tu. Mvua ikinyesha, udongo huo huvimba, hulainika na kuteleza.

Pwani, Mombasa na Dar es Salaam, kuna mchanga, nao una hila yake. Ukiwa na unyevunyevu husimama kwa muda, mchimbaji akadhani ni imara. Jua likiukausha, unamwagika. Maji yakizidi, unamwagika pia.

Wa hatari kuliko wote, kwa maoni yetu, ni udongo uliokwisha kuchimbwa zamani ukarudishwa. Hata kama ni mwekundu, haushikani tena kama ulivyokuwa. Hili tulijifunza kwa uchungu. Katika shamba moja tulikuwa tukichimba kando ya bomba la zamani la maji, kina kimepita vichwa vyetu, na usiku kulikuwa na manyunyu. Tulipomweleza nyapara, alijibu kwamba udongo mwekundu hauna neno. Kabla ya saa nne ukuta wa upande wa bomba ulianguka, ukamfunika mwenzetu hadi kiunoni. Tulimfukua kwa mikono. Alipona, lakini hadi leo anatembea kwa mkongojo. Mbao za kukinga zilikuwapo stoo. Tuliambiwa zimewekwa kwa ajili ya meza za kuanikia kahawa.

Kuupima udongo hakuhitaji mtaalamu. Twaa bonge lililotoka chini, ulibonyeze kwa kidole gumba. Kikizama kwa urahisi, udongo ni dhaifu. Kisha finyanga kamba nyembamba ya unene wa milimita 3 na urefu wa sentimita 5, uishike ncha moja. Isipokatika, una mfinyanzi wa kushikana. Lakini kipimo cha asubuhi si cha jioni. Mvua ikinyesha, au lori likipita karibu likitikisa ardhi, pima upya.

Kanuni za Marekani hutaka mtaro wa kina cha mita 1.5 au zaidi ukingwe, isipokuwa kwenye mwamba imara. Asiye na mbao hukata ukuta kwa mshazari: kwenye mchanga, kila mita moja kwenda chini, mita moja na nusu kwenda nje. Udongo unaotolewa usirundikwe ukingoni; uwe mbali sentimita 60 au zaidi. Na ngazi iwe karibu, kwani mtu aweza kufa akiparamia ukuta ule ule unaoanguka.

Mkataba Namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema kwamba mfanyakazi akitoa taarifa ya hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hawezi kumrudisha pale mpaka hatari hiyo irekebishwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini ina kifungu cha namna hiyo.

Lakini tuseme kweli, kinachotuingiza mtaroni bila mbao mara nyingi ni ngwe. Anayesimama kukaza mbao hupoteza mita zake, na mita ndizo ujira. Kwa hiyo wajumbe wetu wanapokaa na mwajiri kupanga ngwe, waulize kwanza ni udongo gani. Ngwe ya mchanga isiwe sawa na ya udongo mwekundu, na saa ya kukaza mbao ilipwe kama saa ya kuchimba.