Meli Kubwa au Chombo Kidogo? Mwongozo kwa Anayevuka Bahari Wakati wa Mapumziko

Kila zinapokaribia sikukuu za Idi na likizo za shule, familia nyingi za Nguvumali na kata nyingine za Jiji la Tanga huanza kupanga safari ya baharini. Wako wanaokwenda Pemba kuwaona jamaa zao, wako wanaokwenda Unguja kupumzika, na wako wanaotaka siku moja tu ya kutembelea kisiwa cha Maziwe kilicho mbele ya Pangani. Swali linalojitokeza ni lile lile: je, ni heri kupanda meli kubwa au chombo kidogo?

Wengi hujibu haraka kwamba kikubwa ni salama na kidogo ni hatari. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Ukubwa wa chombo hukueleza mengi kuhusu starehe, muda na mahali utakaposhukia. Kuhusu usalama, hukueleza sehemu tu. Makala haya yanakusudia kumsaidia msafiri kuchagua chombo kinachofaa kwa safari yake na kutambua dalili zinazopaswa kumzuia asipande, kiwe kikubwa au kidogo.

Faida na kasoro za chombo kikubwa

Meli ndefu na nzito hulala juu ya mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo haiyumbi kwa kila wimbi moja moja. Ndani yake aghalabu mna viti vyenye kivuli, vyoo, na mahali pa kuweka mizigo pasipolowa. Kwa mzee, mama mjamzito, mtu mwenye ulemavu au mzazi mwenye watoto wadogo, mambo hayo ni ya lazima wala si anasa. Meli kubwa pia hufunga gatini, na abiria hushuka kwa ngazi badala ya kuvua viatu na kuingia majini.

Kasoro zake ni kwamba safari zake si nyingi, na ikikosekana siku moja huenda ukasubiri siku kadhaa. Inahitaji gati na kina cha kutosha, kwa hiyo haiwezi kukufikisha kila mahali. Hata meli kubwa za watalii zinazozunguka dunia hulazimika katika bandari nyingi kutia nanga mbali na kuwafikisha abiria nchi kavu kwa mashua. Aidha, watu wanapokuwa mamia kwa mamia, kuwatoa wote wakati wa dharura ni kazi ngumu kuliko kuwatoa watu ishirini.

Faida na kasoro za chombo kidogo

Mashua na boti ndogo hufika pasipofika meli. Maziwe ni mfano mzuri: ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, ambalo maji yakijaa sana hufunikwa karibu lote. Huko huendi kwa meli. Unahitaji chombo chepesi na nahodha anayejua saa za kupwa na kujaa kwa maji. Kadhalika, anayetaka kuona mikoko ya Mto Pangani au kuzunguka ghuba ya Tanga hana haja ya chombo kikubwa.

Chombo kidogo kina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kwamba unaweza kukikagua kwa macho yako. Unaweza kuhesabu watu, kuhesabu majaketi okozi, kuona kama maji yanaingia ndani, na kumuuliza nahodha mwenyewe.

Lakini chombo kidogo husamehe makosa kidogo sana. Boti yenye kibali cha watu thelathini ikiongezwa kumi, mzigo wake wa watu umezidi kwa theluthi moja. Kingo zake hukaribia maji, na abiria wakisimama wote upande mmoja huweza kupinduka. Jua, mvua na maji ya mawimbi humpata kila aliyemo. Injini ikizimika katikati ya bahari, mara nyingi hakuna ya pili.

Ajali zinatufundisha nini

Historia ya usafiri wa majini nchini inaonyesha wazi kwamba ukubwa peke yake haukumlinda mtu.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikielekea Mwanza. Ilikuwa na kibali cha abiria 430. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa imebeba watu zaidi ya 2,000, ilhali idadi iliyoruhusiwa haikufika 700. Hii haikuwa mashua. Ilikuwa meli kubwa, na wengi walioipanda bila shaka waliuamini ukubwa wake.

Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Chombo hiki kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, eneo la Seattle nchini Marekani. Siku hiyo kilikutana na upepo mkali na mawimbi makubwa ya msimu wa kusi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati ya Ukara. Kilikuwa na kibali cha watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

Vyombo vidogo navyo vina msiba wao. Mwezi Januari 2017, boti iliyotoka hapa Tanga kuelekea Pemba ilizama baada ya kupigwa na upepo mkali, na watu 12 wakafariki.

Hata katika nchi tajiri mambo si tofauti. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya kitalii ya Costa Concordia, yenye watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda siku hiyo hiyo walikuwa hawajafanyishwa zoezi la dharura. Tangu mwaka 2015 kanuni za kimataifa zinataka zoezi hilo lifanyike kabla ya meli ya namna hiyo kuondoka au mara tu inapoondoka.

Katika ajali hizi tunaona sababu tatu zinazojirudia: watu na mizigo kuzidi kipimo, chombo kutolingana na maji kinayopita, na hali mbaya ya hewa kupuuzwa. Inafaa pia kutambua kwamba watu wakizidi katika boti ndogo, kila mmoja huona na kuhisi. Wakizidi katika meli kubwa, abiria aliyekaa chumba cha juu huenda asijue kamwe. Kwa hiyo anayepanda meli kubwa anahitaji kuuliza zaidi, si kuuliza kidogo.

Bahari yetu na misimu yake

Safari ya kwenda Pemba si sawa na ya kuzunguka ghuba. Mkondo wa Pemba, unaokitenga kisiwa hicho na pwani ya Tanga, una upana wa kilomita zipatazo 50 na kina cha mamia ya mita. Ni bahari kuu. Maji ya pwani hii hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi, ukikabiliana na mkondo huo, mawimbi huwa mafupi na yaliyochongoka, na hayo ndiyo yanayokisumbua zaidi chombo kidogo. Kusi, uvumao takriban Mei hadi Septemba, huleta mawimbi marefu na makubwa kutoka upande wa kusini-mashariki. Kipindi cha maleleji, kati ya pepo hizo mbili, ndicho chenye bahari tulivu zaidi.

Basi usikichague chombo kabla hujaangalia tarehe. Boti inayofaa mwezi Novemba huenda isifae mwezi Julai. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Usikilize siku moja kabla ya safari na tena asubuhi ya safari yenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa nauli

Abiria ana haki ya kujua anachonunua. Uliza kwa adabu, lakini uliza mpaka upate jibu. Mathalani: "Samahani nahodha, chombo hiki kina kibali cha kubeba watu wangapi?" Nahodha mwaminifu hatachukizwa na swali hilo.

1. Je, chombo kina cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujaisha, na je, cheti hicho kinaruhusu kubeba abiria? Chombo cha mizigo au cha uvuvi si chombo cha abiria, hata kama nauli yake ni nafuu.

2. Je, cheti kinaruhusu njia unayokwenda? Boti iliyoruhusiwa kuzunguka ghuba haijaruhusiwa kwa sababu hiyo kuvuka kwenda Pemba.

3. Je, jina lako limeandikwa katika orodha ya abiria? Hakikisha watoto wote wameandikwa, hata anayebebwa mgongoni na asiyelipa nauli. Mtoto asiyeandikwa hahesabiwi chombo kinapopakiwa, wala hatafutwi kwa jina chombo kinapopata ajali.

4. Je, kuna jaketi okozi kwa kila mtu, na je, yapo ya ukubwa wa watoto? Katika boti ndogo livae tangu mwanzo. Katika meli, jua lilipo na jinsi ya kulifunga.

5. Je, chombo kimelala sawa majini? Ubavuni mwa meli huwa pana alama ya duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake mistari mingine midogo. Mistari hiyo huonyesha kikomo cha kuzama kwa meli kutokana na uzito. Ikiwa yote imefunikwa na maji, meli imezidiwa. Katika mashua isiyo na alama hiyo, tazama umbali kati ya maji na kingo.

6. Je, mizigo imefungwa? Magunia, pikipiki na matangi yasiyofungwa huteleza upande mmoja chombo kinapoinama, na hukizuia kisiinuke tena.

7. Je, chombo kina njia ya kuomba msaada? Redio inahitajika, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea katikati ya bahari.

Ukiona dalili mbaya

Wengi hupanda chombo kilichojaa kwa sababu wameshalipa, jamaa wanawasubiri ng'ambo, au wenzao wote wamepanda. Nauli iliyolipwa isikushurutishe. Uliza masharti ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa tarehe kabla hujanunua tiketi, na utunze tiketi yako, kwani ndiyo ushahidi wa makubaliano yenu. Panga safari ya sikukuu siku mbili au tatu mapema, ili chombo kikijaa uwe na nafasi ya kungoja kinachofuata bila kuikosa Idi.

Kama chombo kimezidisha watu au hakina vifaa vya kujiokolea, toa taarifa kwa maofisa wa bandari kabla hakijaondoka. Kwa upande wa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa upande wa Zanzibar, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Andika jina la chombo, tarehe, saa na mahali. Malalamiko yenye maelezo hayo hushughulikiwa kwa urahisi zaidi.

Chagua kulingana na safari

Kwa kuvuka bahari kuu kwenda Pemba au Unguja, hasa ukiwa na watoto, wazee au mizigo, na hasa wakati wa kusi au kaskazi kali, pendelea meli kubwa ya abiria inayoondokea bandari rasmi. Kama huelekea kupata kichefuchefu, kaa katikati ya meli na chini, kwani huko ndiko inakoyumba kidogo zaidi. Jihadhari na vyombo vinavyoondoka usiku katika fukwe zisizo rasmi, kwa kuwa huko hakuna anayehesabu abiria wala kukagua vifaa.

Kwa matembezi ya siku moja ya Maziwe, ghuba ya Tanga au Mto Pangani, boti ndogo yenye cheti, majaketi ya kutosha na nahodha anayeifahamu miamba ndiyo chaguo bora. Ondoka asubuhi, na kubalianeni mapema saa ya kurudi kulingana na maji.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kwa msafiri wa baharini, tahadhari hiyo hufanyika ukiwa bado gatini au ufukweni: kuuliza, kuhesabu, na inapobidi kushuka na kungoja chombo kingine.