Wale Wanne Waliosalia

Mashabiki wa ndondi wakibishana juu ya mnyonge huhesabu waliolazwa tu. Ndivyo ilivyokuwa barazani petu Mombasa, Februari 1990, Mike Tyson akimngoja Buster Douglas mjini Tokyo.

"Mapigano 37 hajashindwa, 33 kawalaza!" alifoka mmoja. Michael Spinks je, hakumalizwa kwa sekunde 91 mwaka 1988? Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.

Mzee mmoja, fundi cherehani, akauliza: "Na wale wanne waliosalia?" Swali hilo, kwangu mimi, lilipita makelele yote. Bonecrusher Smith na Tony Tucker, marefu ya watu, walimaliza raundi 12 wangali wima mwaka 1987. Douglas naye mrefu. "Lakini Tucker huyo huyo alimpiga Douglas!" wakamrukia. Mzee akanyamaza.

Hakuna aliyetaja kwamba Douglas alikuwa amefiwa na mamake mwezi uliotangulia. Tarehe 11 aliangushwa raundi ya 8, akainuka. Raundi ya 10 Tyson alikuwa chini, akipapasa sakafuni kutafuta kinga yake ya meno huku mwamuzi akihesabu.